Maneno Aliyoambiwa Kuku

Kitendawili. Wewe uliyekaa hapo, sema tega, nami nitege. Namjua mwenye nyumba mmoja hana mlango, hana mkeka, nyumba yenyewe anaibeba mgongoni, na bado analaza wageni wengi kuliko gesti zote za Runzewe. Wageni hao wakitoka kwake wanakuja kulala kwako, bila hodi na bila begi. Ni nani?

Fikiri taratibu. Ukishindwa utanipa mji, ila usinipe Nyarugusu. Nyarugusu ninayo tayari. Nilipewa na mume wangu Edson, na habari yenyewe ndiyo hii.

Nikisema mume wangu usishtuke. Mzee wangu tulimzika zamani. Edson ni mume wa mjukuu wangu Violeth, na kwetu Usukuma bibi na mume wa mjukuu ni watani. Mimi naweza kumwambia amezeeka, simtaki, arudishe kitenge alichoninunulia, naye akanijibu kwamba meno niliyobakiza hayatoshi hata kutafuna ugali, nani mwingine atanioa. Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Lakini na mama mkwe wake ni jambo jingine kabisa. Mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, hasemeshwi ovyo. Wakikutana njiani Edson anaingia majanini mpaka mama apite. Mama mkwe mwenyewe ni Salome, mkamwana wangu, mke wa mwanangu Maganga. Maganga wakati huo alikuwa mbali na ng'ombe, anatafuta malisho, kwa hiyo nyumba ilikuwa mkononi mwa Salome, na mkono wa Salome hautetemeki.

Edson ni Msumbwa, kwao ni Bukombe. Alipokuja kuposa, aliyemsemea alikuwa rafiki yake Mihayo, kijana mwenye ulimi wa asali. Wazee walipouliza mwoaji anafanya kazi gani, Mihayo akasema yuko Nyarugusu, ni nzagamba. Nzagamba kwa Kisukuma ni fahali la ng'ombe, na huko kwenye machimbo ya dhahabu ndilo jina la mchimbaji anayeshuka chini kabisa kwenye duara, yaani shimo lenyewe, kwenye giza, na kupasua mwamba. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Salome, aliyekuwa nyuma ya mlango, akatoa kigelegele kabla ya wakati wake. Edson aliinamisha kichwa tu. Sote tukasema ana adabu.

Basi Salome akawa na mkwe nzagamba, na kisima kizima kikajua. Edson ana vialama vidogo vya mviringo mikononi, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na Salome alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba ni cheche za mawe, mawe ya duarani yanaruka kama moto. Wanawake walisikitika na kumsifu. Salome hapendi mwanamume legelege. Mwaka ule alirudi kutoka Kahama akicheka njia nzima, kwa sababu ameona dume zima limevaa aproni linapika maandazi barabarani, akaapa angekuwa mkwe wake angemrudishia ng'ombe zake siku hiyohiyo. Edson alikuwepo uani siku ile. Alicheka pia, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno ya mbele.

Violeth alikaa kwetu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu Edson alitaka kwanza apate chumba cha heshima kule. Akawa anakuja na kurudi. Mvua zilipokaza alikuja kutusaidia kupanda mpunga. Kijana yule alipanda. Aliingia kwenye majaruba asubuhi, maji magotini, akainama, akaimba, akatoka jua likizama, halafu akaenda kuoga kwenye lambo pamoja na watoto wote wa kijiji. Maji ya lambo letu ni mazuri kutazama. Ukisimama ndani unaona vidole vyako vya miguu. Jioni Edson alikaa akijikuna miguu, vipele vidogovidogo, nami nikamwambia ngozi ya Kisumbwa haijazoea tope la Shinyanga. Akanijibu kwamba tope limemtambua mtu mzuri. Tukacheka, vipele vikaisha, akarudi Nyarugusu.

Alirudi mpunga ulipoanza kuinama, safari hii amchukue mkewe baada ya mavuno. Na hapo ndipo Violeth, akifua nguo za mumewe, aliona damu.

Haikuwa damu ya kidonda. Ilikuwa pale ambapo mke akiiona anakaa chini. Alimsubiri mumewe atoke chooni, akaona anatoka amekunja uso kama mtu aliyekanyaga mwiba, akamuuliza hii damu umeitoa wapi. Edson akaitazama nguo. Violeth akamuuliza huko Nyarugusu kuna nani. Edson akasema hakuna mtu, akaingia ndani. Basi mtoto wa kike akaja kulia kwa mama yake, na Salome hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Machimboni kuna wanawake, alisema, na wanawake wana magonjwa, na fahali halifungwi kamba na mtu asiyekuwepo.

Sasa tatizo likawa hili: Salome ana hasira, na mwenye kukasirikiwa ni mkwe, na mkwe hasemeshwi. Angeweza kunituma mimi, mimi mtani, ningefikisha. Lakini hasira ya Salome haikuweza kungoja miguu yangu. Asubuhi alitoka uani akiwa na bakuli la mchele uliokatika, akamwita mtetea wake mwekundu asiye na mkia, akasimama mahali ambapo Edson, aliyekuwa akinoa mundu, angemsikia vizuri.

"Wewe kuku," akasema, "unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unakwenda kuparura majalala ya watu. Ukiumwa usinililie."

Edson hakuinua kichwa. Aliendelea kunoa, akimtazama kuku yuleyule.

"Kuku," akasema taratibu, "mwambie Mama sijaparura popote."

"Kuku, mwambie mgeni damu haitoki bure."

"Mwambie hata mimi sijui inatoka wapi."

"Mwambie basi aseme huko anakokaa anafanya nini, tujue."

Hapo Edson akarudi kwenye mundu wake. Kuku alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Na nikuambie, yule kuku alinenepa, maana kila aliyekuwa na neno alimwaga punje kwanza ili asiondoke. Mpaka jirani yetu Scolastika alikuja kuuliza tunamlisha nini, naye anataka kujua.

Mimi nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kijana alikuwa anakojoa kwa uchungu, na uchungu hautibiwi na kuku. Nikamwambia, mume wangu, nipeleke zahanati, goti linaniuma. Goti lilikuwa zima. Akanipakia kwenye baiskeli, na tulipofika nikamsukuma mbele yangu.

Nesi wa pale anaitwa Ghati, binti wa Kikurya, sauti yake ukiwa mgonjwa unapona kwa kuogopa. Nilimwamkia kwa utani, akaniamkia shikamoo yangu sawasawa, kisha akampa Edson kikopo. Wakaupeleka mkojo kwenye hadubini. Ghati akatazama, akaniita na mimi nitazame. Niliishia darasa la saba, hadubini nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Niliona vitu kama punje za mpunga, kila kimoja kina mwiba mkiani. Ghati akasema hayo ni mayai. Ni kichocho.

Alitueleza vizuri, kwa lugha ambayo hata kuku wetu angeielewa. Mtu mwenye kichocho akikojoa kwenye maji, mayai yanaanguliwa. Vilivyoanguliwa vinamtafuta konokono wa majini, vinaingia ndani yake, vinazaana humo, kisha vinatoka maelfu na maelfu, vidogo jicho halivioni. Mtu mwingine akiingia majini vinapenya ngozi, anajikuna kidogo, anasahau. Baada ya miezi vinakuwa minyoo, vinakaa kwenye mishipa karibu na kibofu, na damu inaanza. Si kwa mwanamke na si kwa laana, alisema Ghati. Ni kwa miguu na maji.

Nilimtazama Edson nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua gunia.

Kisha Ghati akauliza swali dogo tu. Aliuliza huko Nyarugusu kazi yako inakuingiza kwenye maji gani, unaosha mchanga wa dhahabu, unaingia kwenye mabwawa yao? Alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi. Kama ni kule, angewaarifu wenzake wa kule. Kama ni kwetu, basi kila mtu anayeingia lambo na majaruba yetu apimwe, na watoto wote wapewe dawa, na wanawake pia, maana mwanamke kichocho kinamuuma tumbo la chini, kinamtoa damu, kinaweza hata kumchelewesha kupata mtoto, na watu wanamsema vibaya bure.

Aliposema tumbo la chini, nilimkumbuka Violeth. Tangu tuanze kuvuna alikuwa akiinama kukata mpunga halafu anasimama ghafla, mkono chini ya kitovu, anajifanya anafunga kanga.

Edson akatazama mlango. "Maji tu, Nesi," akasema. "Maji ya kawaida."

Ghati akauliza ya wapi. Edson akaomba dawa.

Akasimamishwa kwenye mti mrefu wenye mistari, maana vidonge hivyo hupimwa kwa urefu wa mtu, naye ni mrefu, mistari ilimwishia. Ghati akamwambia ameze akiwa ameshiba, na kizunguzungu kikimjia asiogope. Mimi nikapewa kikopo changu. Mkojo wangu ukaonekana safi. Nilijisifu njia nzima kurudi nyumbani, bila kujua nabeba balaa.

Nilipoyafikisha kwa Salome, kwanza alifurahi. Si wanawake, alhamdulillahi, alisema, ingawa yeye ni Mkatoliki. Halafu akafikiri. Kama ni maji, basi ni maji ya machimboni, kule wanakoosha mchanga kwenye madimbwi ya tope. Nikamwambia Ghati anasema hata maji yetu yanaweza. Salome akanishika mkono akanizungusha kama mtu anayeonyesha ndama sokoni.

"Mayu, mama yangu, si wamekupima wewe? Umezaliwa hapa, umezeekea hapa, na uko safi. Maji yetu ni safi."

Nikamwambia mimi siku hizi kazi yangu ni kukaa kwenye kichuguu na kufukuza ndege, jaruba nimeliacha tangu magoti yalipogoma. Hakusikia. Ghati alikuwa ameahidi kuja Alhamisi na mti wake na dawa, na Salome akasema akija atakuta mlango umefungwa. Watoto wake hawamezi vidonge vya ugonjwa wa watu wa Nyarugusu. Na kama mgeni hataki kusema ni maji gani anaingia, basi kwenye maji hayo kuna mwenzake anayeosha naye. Alimwambia kuku hayo yote, kwa sauti. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, akamwongezea kuku neno la mwisho: siku mgeni atakayoonyesha kwamba maji mabaya ni yetu, yeye Salome ndiye atakayesimama wa kwanza kwenye huo mti.

Nikamfuata Edson nyuma ya zizi. Kwa kuwa mimi ni mtani, ninaruhusiwa. Nikamwambia, mume wangu, kitendawili. Akasema tega. Nikasema, kijana ana ufunguo mfukoni, mkewe amefungiwa ndani ya nyumba inayoungua, naye anaona haya kuutoa ufunguo kwa sababu una kutu. Ni nani?

Akachokonoa udongo kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Bibi, nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe."

"Chukua Nyarugusu."

Nikaichukua. Ndiyo maana ninayo. Lakini nilimwambia mji bila jibu ni mji wa vumbi tu, na mke wake anaumwa tumbo lilelile alilolitaja Ghati, na anaficha kama yeye anavyoficha. Hakuwa akilijua hilo. Aliketi kwenye jiwe akajishika kichwa.

Violeth naye alikuwa na lake. Usiku sikuwasikia, ila asubuhi alinieleza tukichambua mchele. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba ugonjwa ameuelewa, na hauogopi. Anachoogopa ni mdomo uliofungwa. Akamwambia hata kama kule anazoa taka, hata kama anaosha maiti, aseme, ataenda naye. Lakini hatapanda gari na mwanamume asiyeweza kumwambia mkewe anakoweka miguu. Tukimaliza kupura mpunga, kama hajasema, aondoke peke yake. Mjukuu wangu alisema hayo bila kulia, akichambua mchele wake, na mimi nilijua hatabadilisha hata punje.

Alhamisi ilifika na mpunga wa mwisho. Tulikuwa wote uwanjani, watu na miganda, vumbi na makapi. Scolastika na wanawe walikuja kusaidia, kama sisi tulivyowasaidia wao. Nilikuwa nimepika michembe, vile viazi vilivyokaushwa, pamoja na karanga, nikasema angalau watu wale vizuri, kama dawa ipo iwakute wameshiba. Ghati akaja na pikipiki, mti wake umefungwa ubavuni kama mkuki wa mganga. Watoto walikimbilia mti wakaanza kujipima, nani mrefu. Salome akawaita wote warudi. Wakarudi, shingo zimegeukia nyuma.

Ghati hakugombana. Alisalimia, akakaa kwenye gunia, akaomba maji ya kunywa. Kisha akasema kwa ile sauti yake kwamba hamlazimishi mtu, ila alitaka kuuliza tena lile swali lake. Wote tukamtazama Edson. Alikuwa na mganda mkononi.

Salome akamtafuta kuku kwa macho. Kuku alikuwa katikati ya uwanja, anakula makapi kwa raha zake.

"Kuku," akasema Salome, "umesikia swali la Nesi."

Edson akaugeuza mganda ule mkononi. Mimi nikaona wakati umefika, nikamtegea kile kitendawili nilichokutegea wewe. Nyumba mgongoni, hana mlango, analaza wageni. Hakufikiri hata kidogo, akasema konokono. Watoto wakapiga makofi. Nikamuuliza konokono huyo aliyekuletea wageni anakaa wapi, Nyarugusu au kwetu? Akafungua mdomo. Akamwona Salome, akamwona Scolastika, mdomo mkubwa kuliko wote wa kisimani, akaufunga.

Basi Violeth akaweka ungo chini. Aliinuka vibaya, mkono chini ya kitovu, na safari hii hakujifanya anafunga kanga. Alisimama hivyo mpaka mumewe akauona ule mkono. Na Salome akauona.

"Mimi sikuulizi kupitia kwa kuku," Violeth akasema. "Nakuuliza wewe. Huko Nyarugusu unaingia maji gani?"

Edson akatua mganda. Akajifuta mikono kwenye suruali, upande wa kiganja na upande wa nyuma, vile wanavyojifuta watu waliozoea kushika kitu cha kunata. Alimtazama mkewe, kisha, Mungu ni shahidi yangu, akamgeukia mama mkwe wake na kumtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipoingia kwenye ukoo huu. Salome alishtuka hata akasahau kufunika uso na kanga.

"Maji ya kukandia unga, Mama," akasema. "Duara nimeliona kwa juu tu, nilichungulia nikaogopa. Na hivi vialama vya mikononi si vya mawe, ni vya mafuta. Nakaanga chapati. Manzagamba wote wa pale wanakula kwangu, na kuoga naoga kwa ndoo, maji ya kisima. Mwaka huu mzima, maji niliyoingia mpaka magotini ni ya jaruba lako na lambo lako, basi."